Richard Walker: Mvuvi aliyefuta neno bahati kwenye mto wa baridi

JANUARI 1963 soka la England lilisimama. Si kwa mgomo wala vita, bali kwa baridi. Raundi ya tatu ya Kombe la FA, ambayo kwa kawaida inamalizika ndani ya siku chache, ilianza Januari 5 na ikaja kukamilika Machi 11. Hesabu mwenyewe: siku 66 kwa raundi moja! Viwanja vilikuwa vigumu kama saruji, mipira inadunda kama ya kikapu, na mechi zikawa zinaahirishwa kila wikiendi.

Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kampuni za kubashiri matokeo ziliona zinakufa njaa. Januari 26 zikakalisha jopo la watu chumbani, wakiwemo mastaa wastaafu Tom Finney na Tommy Lawton, kazi yao ni kuamua mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje kama zingechezwa. Yaani mtu anapata ushindi bila kugusa mpira.

Sasa shabiki wa soka anaweza asijue kwamba kuna mchezo mwingine England unaokwenda sambamba na msimu wake, na wenyewe unateswa na baridi ile ile. Ni uvuvi wa ndoano wa mitoni. Msimu wake kule kwenye mito unafunguliwa Juni 16 na kufungwa Machi 14. Kwa hiyo nusu nzuri ya msimu ni baridi tupu: mikono imekufa ganzi, barafu imeganda kwenye pete za fimbo, na samaki chini kule hana hamu ya kula.

Kwa miaka mingi siku kama hizo zilikuwa na jina moja tu kwa wavuvi: bahati mbaya. Mtu anakaa saa nane ukingoni, anarudi mikono mitupu, anasema leo haikuwa siku yangu. Kama timu iliyopigwa tatu bila halafu kocha anasingizia upepo.

Akaja jamaa mmoja akasema hapana. Aliitwa Richard Walker. Leo amelala kaburini miaka mingi, lakini mvuvi yeyote wa Kiingereza anayetoka nyumbani asubuhi ya Januari na kipimajoto mfukoni, ajue asijue, anatembea kwenye nyayo zake.

MTOTO WA HITCHIN

Walker alizaliwa mwaka 1918 Hitchin, mji mdogo wa Hertfordshire, kaskazini mwa London. Alianza kuvua akiwa mtoto, na kama ilivyo kwa mtoto anayelala na mpira kitandani, jambo lile halikumtoka tena.

Kichwani alikuwa mhandisi. Alisoma Cambridge, lakini Vita Kuu ya Pili ikaingia katikati. Wakati wa vita alipelekwa Farnborough, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa ndege, akashughulika na rada. Kumbuka hilo, maana litarudi. Mtu aliyezoea kutafuta ndege asiyoiona, gizani, kwa kutumia vipimo, ndiye baadaye akaja kutafuta samaki asiyemwona kwa njia hiyo hiyo.

Vita ilipokwisha aliingia kwenye kampuni ya mashine za kukata nyasi mjini Letchworth. Mchana anashughulika na mashine, jioni na wikiendi yuko majini. Hakuwa tajiri mwenye mto wake binafsi. Hili lina uzito wake, tulieleze kidogo.

England ile uvuvi ulikuwa na madaraja kama soka lilivyo na ligi. Juu kabisa walikaa samaki wa heshima, salmoni na trauti, na mito yao mingi ilikuwa ya wenye fedha. Chini yao walikuwa samaki wa kawaida, wale wanaovuliwa na makuli, wachimba makaa na makarani: rochi mwenye mapezi mekundu, chabu mwenye mdomo mpana, perchi mwenye miiba mgongoni, na karpi, pande la samaki lenye magamba makubwa. Hao hawaliwi sana. Mvuvi anamkamata, anampima, anamrudisha majini taratibu. Najua msomaji umeshtuka. Mtu anakaa kwenye baridi siku nzima kisha anamwachia kitoweo? Ndiyo. Wewe mwenyewe unasafiri usiku kucha kuangalia dakika 90 na kurudi na skafu tu. Tofauti iko wapi?

Walker alichukua samaki hawa wa daraja la chini akawavua kwa akili ambayo watu walikuwa wanaiweka akiba kwa mambo makubwa.

SAMAKI ASIYEVULIKA

Jina lake lilitokana na karpi. Miaka ya 1940 wavuvi wengi waliamini karpi mkubwa havuliki. Ni mjanja mno, na akinasa anakata mshipi kama uzi wa buibui. Rekodi ya Uingereza ilikuwa ratili 26, karibu kilo 12, iliyowekwa mwaka 1930. Ikakaa. Watu wakaizoea, wakaihesabu kuwa ajali.

Walker hakukubali. Alianza kuandikiana barua na wachache wenye wazimu kama wake, akiwemo mwandishi na mchoraji Denys Watkins-Pitchford, maarufu kwa jina la BB, na Maurice Ingham. Mwaka 1951 wakaunda klabu ndogo ya wavuvi wa karpi. Usidhani ni klabu ya kunywa chai. Ilikuwa kama benchi la ufundi: kila mmoja anaandika alichoona, samaki alikula saa ngapi, hewa ilikuwaje, chambo gani kilikataliwa, kisha wanapeana.

Walker akaanza na vifaa. Aligundua fimbo zilizokuwa sokoni hazikuwa na hesabu. Nyingine ngumu zinakata mshipi, nyingine laini kama ukindu. Akaingia karakana, akachana mianzi vipande vyembamba, akavigandisha kwa gundi hadi akapata fimbo yenye pande sita. Akarudia na kurudia. Toleo lililompendeza aliliita Mark IV, na mpaka leo wakusanyaji wa vitu vya kale wanaigombania.

Pia aliacha kanuni ambayo bado iko kazini. Shika fimbo, funga uzito kwenye mshipi, uone ni uzito gani unaoikunja ncha mpaka ielekee pembe mraba na mpini. Kipimo hicho zidisha mara tano, unapata nguvu ya mshipi unaoifaa. Fimbo ya ratili moja na nusu inataka mshipi wa ratili saba na nusu hivi. Hakuna kubahatisha.

Halafu kulikuwa na tatizo la usiku. Karpi anakula gizani, na binadamu anasinzia. Mhandisi wetu akatengeneza king'ora cha umeme. Mshipi unapita kwenye kijiti, samaki akivuta, kijiti kinasogea, umeme unaungana, kengele inalia. Wapo waliomcheka kwamba analeta mitambo ya kiwandani ukingoni mwa maji. Leo ving'ora hivyo viko duniani kote.

ALFAJIRI YA REDMIRE

Mwaka 1951 mvuvi Bob Richards alipata karpi wa ratili 31 na robo kwenye bwawa dogo Herefordshire, jirani na mpaka wa Wales. Rekodi ikavunjika. Walker akapata habari, akaenda kuliona bwawa. Wavuvi wanalijua kwa jina la Redmire.

Septemba 13, 1952, kabla hakujapambazuka, Walker alikuwa pale na rafiki yake Pete Thomas. Chambo kilikuwa donge la mkate pamoja na ganda la mkate, vimepimwa uzito visawazishane, vikae chini kwa wepesi bila kuzama kwenye matope. Kengele ikalia. Pambano likafanyika gizani, samaki anakimbilia magugu, fimbo ya mianzi inapinda, mtu anasikia tu kwa mikono kinachoendelea kule mbele. Thomas akashika wavu.

Mizani ikasoma ratili 44. Karibu kilo 20. Rekodi haikuvunjwa, ilisagwa. Ni kama mtu amevunja rekodi ya mabao ya msimu kwa tofauti ya mabao kumi na tano.

Asubuhi ile Walker aliwapigia simu wa bustani ya wanyama ya London. Wakaja kumchukua samaki akiwa hai, wakamweka kwenye tangi, akapewa jina Clarissa. Watu wakalipa kiingilio kwenda kumtazama mpaka alipokufa mwaka 1971. Baadhi ya wavuvi hawakupenda, walisema samaki wa namna ile alistahili kurudi bwawani kwake, na hoja hiyo mpaka leo ina watu wake. Rekodi ilikaa miaka 28, mpaka mwaka 1980 Chris Yates alipompata mzito zaidi. Wapi? Bwawa lile lile la Redmire.

Hapo ndipo hadithi nyingi za Walker zinapoishia. Karpi, rekodi, Clarissa. Ni sawa na kumkumbuka mshambuliaji kwa bao moja la fainali na kusahau misimu kumi ya kazi. Kipimo cha kweli cha mawazo yake hakikuwa usiku wa Septemba. Kilikuwa mto, Januari, maji yakiwa baridi kama chuma.

TUINGIE UWANJANI

Mto wa mfano ni Great Ouse ya juu, unaokatiza Buckinghamshire na Bedfordshire. Walker aliupenda na aliuvua sana. Si mto mpana. Sehemu nyingine unaweza kurusha jiwe ukavuka. Una kona, mierebi iliyoinamia maji, mashimo yenye kina na vijia vya mkondo. Samaki anayetafutwa ni chabu.

Kwanini chabu? Kwa sababu samaki wana damu inayofuata joto la maji. Maji yakipoa, tumbo linasaga polepole, na samaki wengi wanaacha kula. Karpi kwenye baridi kali anakaa kama jiwe. Chabu bado anafungua mdomo hata maji yakishuka nyuzi 4 na chini ya hapo, mradi umemfikia na hukumtisha. Ni yule kiungo mkabaji anayecheza kwenye matope wakati mafundi wa kupiga chenga wameshaomba kutolewa.

Walker alifundisha mambo machache kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio dawa. Kwanza mtafute samaki alipo. Pili usimtishe. Tatu mpe anachokitaka, kwa vifaa vinavyofaa, kwa wakati anaotaka kula. Wavuvi wengi walianza na chambo. Yeye alisema chambo kizuri mahali pasipo na samaki ni mkate uliotupwa mtoni.

Basi tuingie. Kitu cha kwanza kutoka mfukoni si ndoano. Ni kipimajoto. Kinafungwa kamba, kinazamishwa, unasubiri, unasoma. Namba peke yake haitoshi, unataka kujua inaelekea wapi. Maji ya nyuzi 4 yaliyokaa hivyo wiki nzima ni bora kuliko ya nyuzi 6 yaliyoporomoka kutoka 9 usiku wa jana. Samaki anazoea baridi, hazoei kushtuliwa. Na theluji ikianza kuyeyuka na kuingia mtoni, wavuvi wengi wanajua siku imekuwa ngumu kabla hata ya kufungua begi.

Wangapi kabla yake walikuwa wakibeba kipimajoto kwenda kuvua rochi na chabu? Wachache sana. Hapo rada ya Farnborough inaonekana: huoni, kwa hiyo unapima.

Cha pili ni macho. Wakati wa baridi samaki hataki kupambana na mkondo, kila nguvu anayotumia hatairudisha kwa urahisi. Kwa hiyo tafuta mahali maji yanapopumzika: nyuma ya kona, kando ya mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na maji ya polepole, chini ya tawi la mwerebi lililokamata majani na takataka likajenga dari. Chini ya dari ile ndipo chabu anajisikia salama. Mto ukifurika, wote wanasogea karibu na ukingo, wakati mwingine hatua mbili tu kutoka kwenye buti lako, wakati wewe unahangaika kutupa katikati.

Cha tatu ni miguu. Ardhi ya ukingoni inasafirisha mtikisiko kama ngoma. Ukikanyaga kwa kishindo, chabu amekujua kabla hujakaa. Wafuasi wa shule hii wanatembea kama kipa anayenyemelea mpira wa penalti, wanainama, hawasimami mbele ya anga tupu, na hawamwagi mzigo wao chini puu! Ukishamtisha, mechi imeisha dakika ya kwanza, na wewe utaendelea kukaa saa sita ukidhani bado inachezwa.

MKATE, JIBINI NA KIDOLE

Sasa chambo. Maji yakiwa meupe na baridi, ganda la mkate. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hakuna tamaa. Ganda linaelea, kwa hiyo kinawekwa chubwi, kile kiuzito cha kuzamishia, karibu na ndoano. Chubwi kinalala chini, ganda linaning'inia juu yake kama puto, sentimita chache tu kutoka sakafuni mwa mto. Samaki mzembe wa Januari haendi kukipanda juu wala kukifukuza. Kipitishwe mbele ya pua yake.

Maji yakiwa ya kahawia baada ya mvua, macho hayafanyi kazi, pua inafanya. Hapo linakuja donge la jibini linalonuka, au mnyoo mnene, au hata koa. Chabu hana ubishi wa sahani.

Pamoja na chambo cha ndoano kuna cha kuitia. Mkate uliolowekwa na kupondwa, vitonge vichache, basi. Kiangazi unaweza kumwaga ndoo. Baridi ukimwaga ndoo umewashibisha wote, na hakuna tena sababu ya mmoja wao kugusa ndoano yako. Tumbo la chabu wakati huo ni dogo kama mfuko wa mwanafunzi mwisho wa mwezi.

Ndipo inakuja sehemu ngumu, kujua kama ameguswa. Baridi samaki havuti kwa nguvu. Anachukua mkate mdomoni, anaukadiria, anautema, na fimbo haijatikisika hata kidogo. Walker alikuwa mtetezi mkubwa wa njia ya kugusa. Fimbo unaielekeza kwenye chambo, mshipi unaupitisha juu ya kidole, na unasikiliza kwa ngozi. Mkondo unavuta kwa uzito ule ule mfululizo, unauzoea. Kikija kitu tofauti, mguso mdogo, mtetemo, au mshipi kulegea ghafla, unapiga.

Hili halisomwi kitabuni likaisha. Linataka mazoezi, na mazoezi yenyewe hayana utukufu. Unafunga uzito bila ndoano, unakwenda uwanja wa nyasi, unaweka beseni umbali wa mita ishirini, unatupa mara mia mpaka uzito udondoke ndani bila kishindo. Unajifunza kufunga fundo vidole vikiwa vimepoa, kwa kuwa fundo la sebuleni na fundo la mtoni Januari ni vitu viwili. Unakaa mahali ambapo huoni samaki wowote na kujifunza tu mkondo unasemaje kwenye kidole, ili siku chabu akisema neno, ulitambue. Ni kama kipa anayebaki na kocha wake wenzake wakiwa bafuni.

Na njia ya boya nayo ina somo lake. Ukiachia boya lishuke na mkondo, kumbuka maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Boya likienda huru, chambo chini kinakokotwa haraka kuliko chakula cha kawaida kinavyosafiri, na rochi anakiona ni bandia. Kwa hiyo unalizuia boya kidogo, kidogo tu, chambo kitangulie na kiende kwa mwendo wa sakafu. Nusu ya ufundi wa mto wa baridi ni kupunguza kasi.

Ukikaa mahali pamoja dakika ishirini bila mguso, unainuka. Hii nayo iliwasumbua waliozoea kukaa. Kiangazi samaki anakuja kwako. Baridi wewe ndiye unamfuata, shimo kwa shimo, kona kwa kona. Halafu, jioni inapoanza kuingia, unarudi mahali pazuri kuliko pote ulipopaona mchana. Ile saa ya mwisho ya mwanga ndiyo dakika za nyongeza za mto. Wengi wameshafungasha. Chabu ndiyo kwanza anatoka chini ya mwerebi.

GAZETI LA WAVUVI

Elimu yote hii ingebaki kwa marafiki watatu kama Walker asingekuwa mwandishi. Mwaka 1953 ulitoka kitabu chake cha uvuvi wa maji yaliyotulia, Still-Water Angling, ambacho kwa wengi kiligawa historia ya mchezo huu mara mbili, kabla na baada. Mwaka huo huo likaanzishwa gazeti la kila wiki la Angling Times, na Walker akawa mwandishi wake kwa takribani miaka thelathini.

Aliandika kwa lugha ya moja kwa moja, hakuogopa ugomvi. Akiona mtaalamu anadanganya, anamwambia. Akiona imani isiyo na ushahidi, anaipima. Kijana wa kiwandani Sheffield au Birmingham ambaye hana kitu ila baiskeli na fimbo ya mkopo, alipata kila wiki kwa senti chache maarifa ambayo zamani angehitaji kuzaliwa na babu mwenye mto. Ndicho kitu kikubwa alichokifanya, kuliko hata yule samaki wa ratili 44.

Wapo waliomlaumu. Walisema ameua utamu. Uvuvi ulikuwa wa mtu kukaa, kuwaza, kuachia siku iende, sasa umekuwa hesabu, vipimo na kukimbizana na rekodi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na hata kwenye soka leo tunalalamika hivyo hivyo kuhusu takwimu na kompyuta. Lakini anayelalamika kwa kawaida ni yule aliyekuwa anapata samaki tangu mwanzo. Aliyekuwa akirudi mikono mitupu kila Jumamosi ya Januari hakulalamika.

Vifaa navyo havikukoma. Ili kuwafikia perchi wakubwa waliokaa mbali kwenye ziwa la Arlesey, Bedfordshire, alibuni chubwi lenye umbo la tone, likiwa na kizungushio juu ili mshipi usijisokote. Mpaka leo linaitwa bomu la Arlesey. Na wanasayansi wa Farnborough, kituo chake kile cha wakati wa vita, walipotengeneza nyuzi za kaboni, Walker alikuwa miongoni mwa walioona mapema kwamba hiyo ndiyo fimbo ya kesho, akashiriki kuifikisha kwa wavuvi. Mtu wa mianzi mwenyewe ndiye aliyesaidia kuistaafisha mianzi.

ALIYOACHA

Richard Walker alifariki Agosti 1985, akiwa na umri wa miaka 67.

Miaka miwili baadaye, 1987, Uingereza ilipiga marufuku kuvua kwa vichubwi vidogo vya risasi, kwa kuwa bata maji walikuwa wanavimeza na kufa kwa sumu. Mabomu madogo ya Arlesey ikabidi yatengenezwe kwa madini mengine. Umbo likabaki lile lile.

Wanasoka nao hawako mbali na mchezo huu. Jack Charlton, beki wa Leeds aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 1966, alijulikana kwa mapenzi yake ya uvuvi karibu kama alivyojulikana kwa viwiko vyake. Si ajabu. Beki wa kati na mvuvi wa baridi wana kazi moja, kusubiri bila kusinzia, na kujua lini asubiri na lini aende.

Kwa hiyo Jumamosi ya Januari, wakati kule uwanjani refa anapuliza kipenga cha kwanza, kuna mtu kwenye ukingo wa Great Ouse amevaa kofia ya sufu, mshipi uko kidoleni. Kipimajoto chake kimesoma nyuzi 4, hazijabadilika tangu juzi. Amejaribu mashimo matano, hakuna kitu. Saa kumi jua linazama. Anarudi kwenye mwerebi aliouona asubuhi, anainama, anatupa kipande cha mkate cha ukubwa wa ukucha, kinadondoka kimya.

Huenda akapata, huenda asipate. Walker hakuwahi kumwahidi mtu samaki. Alichomwondolea ni kisingizio. Asipopata leo, hatasema haikuwa siku yake. Atatoa daftari mfukoni, aandike joto la maji, saa, mahali na chambo, vidole vikitetemeka, ili Jumamosi ijayo aanzie hapo.